Magunia manane ya Julai

KWENYE MIZANI: Maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, bei ya chakula. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi niliuza nafaka soko la Tandale miaka kumi na tisa, mpaka magoti yaliponikatalia. Uchumi sikuusomea. Ninachokijua nimekijulia kwenye vumbi la magunia na kwenye daftari la mkopo, kwa hiyo anayetaka nadharia atanisamehe.

Shikamoo Mama Mizani. Mimi ni mkulima wa mahindi, ekari mbili. Msimu uliopita nilipata magunia 17. Julai niliuza 12 kwa shilingi 52,000 kila moja, nikabakiza matano ya kula. Nyumbani tuko tisa. Fedha ilikwenda hivi: deni la mbolea 280,000, sare na michango ya shule 90,000, iliyobaki nikanunua bati. Mwisho wa Januari chakula kikaisha. Februari nimenunua magunia manne hapa hapa Vwawa kwa 104,000 kila moja, na nina hakika mengine yametoka kijijini kwetu. Nani ameniibia? Na mwaka huu, niyaweke yote nisubiri bei?
*Mkulima, Mbozi*

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, umeleta namba. Nimekaa na barua yako na kalamu.

Magunia manne kwa 104,000 ni 416,000. Sasa hiyo 416,000 igawe kwa bei uliyouzia wewe, 52,000. Inakuja manane. Kwa hiyo magunia manane uliyoyalima, ukayapalilia, ukayapukuchua na kuyashona, yamekwenda kununua manne. Katika yale kumi na mawili, yaliyokuachia kitu mfukoni ni manne tu. Nilipoiona hesabu hiyo nilivua miwani, nikaifanya upya, maana nilidhani nimekosea.

Nani kakuibia? Ningependa nikutajie mtu. Ungekuwa umenunua Dar es Salaam ningekusomea orodha ya nauli na ushuru. Lakini mahindi yako hayakusafiri. Yamelala stoo, pengine kilomita tano kutoka kwako, tangu Julai hadi Februari. Aliyeyanunua amelipwa kwa kusubiri. Najua kwa sababu miaka mingine mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nafika vijijini Juni mwishoni na fedha taslimu kwenye mkoba wa khanga, nikijua kabisa kwamba mwenye duka la pembejeo ameshapita kudai. Sikuwa na haja ya kupatana sana. Mwenye deni hupatana mwenyewe.

Na wewe una nafuu, umeuza mahindi makavu. Kagera kuna kitu kinaitwa butura: mkulima anauza kahawa ingali maua au punje za kijani mtini, kwa bei ya shida yake, sio bei ya kahawa. Kusini kwenye korosho wana kangomba. Kila zao lina jina lake la njaa ya fedha.

Sasa sikiliza hesabu ya zamani, niliyofundishwa na mama mmoja wa Songea niliyekuwa nanunua kwake kila mwaka, na ambaye hata siku moja hakunikubalia nimalize stoo yake: gunia moja kwa kichwa kwa mwaka. Nyumba yako ina vichwa tisa. Kabla gari la mtu yeyote halijaingia uani, magunia tisa yanatoka kwenye mazungumzo. Yanabaki manane ya kuuza. Manane kwa 52,000 yangekupa 416,000, na shida zako za Julai, mbolea na shule, ni 370,000. Zingelipika, ukabaki na 46,000. Februari usingenunua hata debe moja. Ulivyofanya, uliuza 624,000 ukarudisha 416,000, ukabaki na 208,000 kwa mwaka mzima. Ungeuza machache ungebaki na mara mbili ya hiyo.

Bati lingesubiri. Sikucheki kwa bati, nyumba inayovuja huozesha hayo mahindi yenyewe. Lakini bati ulilinunua kwa bei ya Julai ya mahindi, ndiyo bei mbaya kuliko zote.

Kwenye mbolea nina swali dogo. 280,000 kwa bei ya ruzuku ilivyoanza mwaka 2022, ilipokuwa 70,000 kwa mfuko wa kilo 50, ni mifuko minne. Kwa ekari mbili, miwili ya kupandia na miwili ya kukuzia, sawa, hujapunjwa. Ila kama ulichukua miwili tu kwa mkopo wa mtu, basi umelipa bei ya nje ya ruzuku, na huyo ndiye wa kumtazama vizuri. Jiandikishe kwenye daftari la wakulima uchukue mbolea kwa namba yako mwenyewe.

Kuhusu kuweka yote: hapana. Deni halikai stoo na mahindi, na bei haina mkataba na wewe kwamba lazima ipande. Mimi imewahi kuniangukia, nitasimulia chini kwa msomaji wa Kisauni. Weka ya kula yote, na yaliyobaki uza kwa mafungu, la Julai la madeni, la Novemba kama lipo.

Halafu kuna dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi stoo. Walioona kazi yake wakampa jina la lori, Scania, na wala hawakukosea. Mwaka mmoja niliacha magunia thelathini kwenye chumba cha kupanga kule Makambako. Niliporudi baada ya miezi mitatu, nilisimama mlangoni nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayekuna ukuta kwa ukucha, haikatiki. Gunia la chini nilipoligusa likanywea. Ndani hamkuwa na mahindi, mlikuwa na unga wa njano na maganda. Nilikaa chini.

Kwa hiyo, kwanza kausha. Kama huna kipimo cha unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isiponata, mimi huanika siku moja zaidi kwa roho kutulia, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Ukishakausha, tia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na wa kufumwa nje. Funga kila tabaka peke yake, toa hewa kwa kukandamiza. Mdudu aliyemo anakosa pumzi. Haihitaji dawa. Usiifungue kuchungulia kila wiki, kama mke mwenza anavyochungulia chungu. Ila mahindi yenye unyevu usiyafungie humo. Ukungu wa sumukuvu hauonekani kwa macho kila mara, na mwaka 2016 uliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe.

Mama Mizani, shikamoo. Mimi ni mama ntilie hapa Tandika. Kilo ya mchele nilikuwa nachukua kwa 2,200, sasa ni 3,200. Sahani yangu ya wali maharage ni 2,000 na naogopa kuipandisha, nimeanza kupunguza upawa. Juzi fundi wa gereji aliitazama sahani akaniuliza mbele ya watu, “Mama, huu wali wa mtoto?” Nipandishe bei au niendelee hivi? Na mbona redioni wanasema mavuno ni mazuri?
*Mama wa Tandika*

Marahaba. Huyo fundi amekusaidia, ingawa kwa mdomo mchafu. Upawa usiupunguze kimyakimya. Mteja wa mama ntilie anajua sahani yake kama anavyojua spana zake. Akihisi anaibiwa hatakwambia, atahamia banda la pili.

Nawe piga hesabu kabla ya kuogopa. Kilo moja ya mchele inakutolea sahani ngapi? Tuseme saba. Mchele umepanda 1,000 kwa kilo, gawa kwa saba, ni kama shilingi 143 kwa sahani. Tia na maharage, mafuta, mkaa, haizidi 300. Wewe ulikuwa unahisi kama sahani nzima imepanda nusu, kwa sababu unaona noti unayotoa dukani, huoni sahani. Sasa weka sahani mbili waziwazi: kubwa 2,500, ndogo 2,000, na useme kwa sauti. Fundi atachagua mwenyewe, na akichagua ndogo hatakuwa na la kusema mbele ya watu.

Jambo la pili, uliza mchele wa msimu uliopita. Wateja wa nyumbani hukimbilia mpya kwa sababu unanukia. Mpya unashikamana na haunywi maji. Wa zamani unakula maji, unachambuka, sufuria inajaa. Niliwahi kuwapikia wapakuaji wangu wiki mbili mfululizo, wiki mchele mpya, wiki wa zamani, kilo zile zile. Wiki ya pili walishiba na wakabakiza. Na “Kyela” ya dukani kwako usiilipie jina. Kama mchele wote unaouzwa kwa jina la Kyela ungetoka Kyela, wilaya ile ingekuwa na ukubwa wa Tabora.

Ungekuwa unauza ugali ningekwambia habari ya dona, lakini wateja wako ni wanaume wa Tandika. Dona kwao ni chakula cha shule ya bweni. Wanalipia mahindi yakobolewe, gunia la kilo mia litoke na kilo sabini na kitu za sembe, pumba wakale ng'ombe, kisha wanalalamika sembe ghali.

Mavuno ni mazuri, redio haikudanganyi. Lakini mavuno yako shambani na wewe uko Tandika. Hapa sasa ndipo ile orodha inafaa. Ninalo daftari la safari moja ya mahindi kutoka Mbozi. Bei ya kununulia. Mfuko mtupu. Kamba na mshonaji. Vijana wa kupakia. Ushuru wa halmashauri (mzigo usiozidi tani moja ulisamehewa tangu bajeti ya 2017/18, lakini mfanyabiashara mwenye fuso hana tani moja). Nauli, na hapo ndipo dizeli inapokula. Vijana wa kupakua Tandale, dalali wa soko, pango la stoo, mlinzi. Na kuna kitu hakiandikwi: gunia lililonunuliwa na unyevu kidogo likafika Dar es Salaam limekwishapungua kilo mbili tatu, zimepotea hewani njiani. Kabla mteja wa kwanza hajalishika, theluthi ya bei ya shamba ilikuwa imeongezeka, na mimi bado sijapata faida. Mafuta ya gari yalipopaa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, orodha nzima ilipaa, maana hata mshonaji wa magunia anapanda daladala.

Nimegusia mafuta ya kupikia. Hapo nina kisa kinachonikera. Sisi tunaagiza mafuta mengi ya mawese kutoka Asia, na Aprili 2022 Indonesia ilipozuia kuuza nje kwa wiki chache, mama ntilie wa Tandika alikaanga samaki kwa bei ya Jakarta. Serikali ikapunguza ushuru wa mafuta ya nje ili kumpoza mlaji. Mlaji akapoa. Msimu uliofuata bei ya alizeti ikaanguka Singida, na mkulima aliyehamasishwa kulima akabaki na mbegu uani. Nafuu yako wewe ililipwa na mtu wa Singida, na nadhani hakuna aliyemwomba ruhusa.

Mama Mizani, hujambo? Huku kwetu unga wa pakiti ukipanda tunaambiwa Tanzania imezuia mahindi. Mwaka mwingine tunaambiwa ni sisi tulioyazuia. Majirani wafungianeje mlango wa chakula?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Sijambo mwanangu, poleni. Walivyowaambia ni kweli mara zote mbili. Mwaka 2011 serikali yetu ilizuia mahindi kutoka, ikarudia 2017. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya, ikakataa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti ya vyeti. Sumukuvu si kisingizio tu, ninyi mliwazika watu zaidi ya mia moja mashariki ya Kenya mwaka 2004. Lakini sumu inapimwa kwa gunia, haipimwi kwa bendera.

Hiyo ya 2011 ilinikuta nina magunia 140 soko la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, nusu ya mkopo. Ukame ulikuwa umewapiga ninyi na Somalia, wanunuzi wa Kenya walikuwa wanalala kwenye magari yao pale pale sokoni. Marufuku ikatangazwa. Ndani ya wiki mbili magari yameondoka na bei imekaa chini kama mbuzi aliyegoma. Niliuza kwa hasara, nikamaliza mkopo baada ya mwaka na nusu. Waliofaidika ni wenye pikipiki za njia za panya. Mahindi yalivuka hata hivyo, ila mkulima aliyauza kwa bei ya magendo na wewe ukala kwa bei ya magendo.

Ndiyo maana Hussein Bashe, alipokuwa Waziri wa Kilimo, aliposema hafungi mipaka, mimi nilimpigia makofi nikiwa jikoni, na unga nilikuwa nimeununua ghali asubuhi ile ile. Mnunuzi wa Kisauni ndiye anayemfanya mkulima wa Kongwa alime tena mwakani.

Na ile ruzuku yenu ya pakiti ya unga, iliyoshusha bei hadi shilingi 90 za Kenya mwaka 2017 na hadi 100 kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, nilikuwa naifuatilia kwa jamaa zangu wa Likoni. Bei ilishuka kwenye tangazo, pakiti yenyewe ikawa inatafutwa duka kwa duka. Ningekuwa mimi, fedha ile ningeipeleka kwenye mbolea ya mkulima, Februari, bila kamera.

Viazi vyetu vinanunuliwa kwa lumbesa. Gunia linajazwa, linasukwa kichwa kwa kamba, linalipwa kama gunia moja. Sheria iko wapi?
*Mkulima wa viazi mviringo, Njombe*

Sheria ipo, ni Sheria ya Vipimo, Sura 340, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wana kazi hiyo. Wanakuja, wanakamata, wanapiga picha, wanaondoka.

Nikiri hapa: nimenunua lumbesa. Sio viazi, vitunguu, Ruaha Mbuyuni. Lile la kwanza nililolipima nikiwa peke yangu stoo lilikuwa na kilo 138. Nilijua mwenye vitunguu amenipa kilo 38 bure na kunishukuru juu yake. Niliendelea misimu miwili mingine, kwa sababu mwenzangu wa stoo ya pili alikuwa anafanya hivyo na mimi nisingeweza kushindana naye Tandale. Sina cha kujitetea.

Lililonizuia halikuwa polisi wala wakala. Kijiji kimoja walichanga wakanunua mizani ya kuning'iniza, wakaifunga kwenye mwembe mlangoni mwa kijiji, wakakubaliana kwamba atakayeuza bila mizani hatauziwa mbegu na kikundi. Nilibishana nao asubuhi nzima. Saa saba mchana nilikuwa nalipa kwa kilo, maana gari lilikuwa limeshafika na siwezi kurudi nalo tupu. Muhimu ni kwamba walikataa wote, siku ile ile. Mmoja tu angekubali lumbesa ningeanzia kwake.

Mama, sado moja ni kilo ngapi? Kila muuzaji ana jibu lake.
*Msomaji, Mbagala*

Inategemea kilichomo. Sado ni kopo la rangi la lita nne, basi, halijawahi kuwa kilo. Nimepima la jikoni kwangu kwenye mizani, bila kichwa: maharage yamekaribia kilo tatu na robo, mahindi kilo tatu, unga wa sembe kilo mbili na kidogo. Kwa hiyo anayekuuzia unga kwa sado na kukwambia “ni kilo tatu hizo mama”, mwambie akupimie.

Na kabla hajapima, lishike kopo lenyewe, ligeuze, tazama kitako. Kikiwa kimebonyea kuelekea ndani, kimegongwa kwa nyundo, na robo kilo yako imebaki chini ya kopo.